Kuku Walikuwa Bado Nje

Hii hutaamini, na sikulaumu. Mtu alisimama kanisani akasema ukweli, ukweli wote, ule wa kumvua nguo, na ukweli huo ukamfanyia kitu ambacho uongo haujawahi kumfanyia. Ilikuwa Sabato moja mwaka wa 1948, kwenye kilima kimoja upande wa Ekerenyo, na mambo yakianza huyo mtu alikuwa amepiga magoti, ameshika mguu wa mwenzake ndani ya beseni.

Mtu mwenyewe ni Mogire. Mguu ni wa Ratemo.

Waadventista wana desturi hii: mara moja kila miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, watu wanaoshana miguu. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, wawili wawili, maji katikati. Wanaiita huduma ya unyenyekevu. Wa kumwosha unamchagua mwenyewe, na hapo kwa kuchagua ndio Mogire alikuwa amepata jina. Miaka sita mfululizo alimchagua Ratemo, mtu maskini kabisa, ambaye miguu yake ilikuwa imeliwa na funza mpaka vidole vikakaa kama tangawizi. Wengine Ratemo akipita walikuwa wanaangalia dirisha. Mogire alikuwa anavuka kanisa lote na beseni, polepole, anapiga magoti mbele yake. Wamama wananong'onezana. Huyo, wanasema, huyo ndiye mnyenyekevu.

Sabato hiyo kulikuwa na kazi mbili za kumaliza baada ya kuoshana. Mchungaji Josiah, aliyekuwa anazungukia makanisa mengi na baiskeli yake, alikuwa amekuja kumwekea Mogire mikono awe mzee wa kanisa. Omwenga, mzee wa zamani, alikuwa amechoka, magoti yamekwisha, na alisema hataki mtu mwingine. Lakini kabla ya hiyo, kanisa lilikuwa lipige kura kumfuta mjane mmoja kwenye kitabu cha washiriki. Anaitwa Nyanchera. Alikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, mahali wanakaa walio chini ya marudi, ile adhabu ya kanisa. Hakuruhusiwa kuosha mtu wala kuoshwa.

Na aliyemweka pale nje ni Mogire. Wenye kujua ukweli wote wa jambo hilo walikuwa watu wawili tu, yeye Mogire na huyo mama.

Turudi nyuma wiki tano.

Mogire alikuwa anaendesha kinu cha maji pale mtoni. Fundi kweli kweli. Kila mwezi alikuwa anainua jiwe la juu, analigeuza, analichonga meno upya kwa nyundo na patasi, anapitisha kiganja akiwa amefumba macho. Unga hakuwa anauangalia. Alikuwa anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na hapo anajua kama jiwe linabana sana ama limelegea. Sikio lake nalo lilikuwa balaa. Mwanamke akisaga nyumbani kwa jiwe la mkono, ng'ambo ya bonde, Mogire angekwambia ni jiwe la boma gani.

Ijumaa jioni kinu kinafungwa, juu Sabato inaingia jua likizama. Sasa niambie, miaka hiyo nani alikuwa na saa? Na huko mvua inapiga karibu kila alasiri. Mawingu yanalimeza jua saa tisa na hulioni tena. Kwa hivyo watu walikuwa wanasikiliza kinu. Mogire akishusha ubao wa kuzuia maji, gurudumu likinyamaza, jembe linawekwa chini kilima kizima. Sabato imeingia.

Mogire akagundua kitu. Akifunga mapema kidogo, wanaotoka sokoni wanampata tayari amenawa unga, amekaa kimya, Biblia kwa paja. Wanapunguza sauti. Wanapita kama wanapita kaburini. Hiyo kidogo ikaendelea kuongezeka.

Ijumaa hiyo Nyanchera akafika na kikapu cha wimbi kichwani, matope mpaka magotini. Mto ulikuwa umebeba gogo la kuvukia, ikabidi azunguke mbali sana. Nyumbani alikuwa amemwacha mama mkwe mgonjwa, hana jino hata moja, anaishi kwa uji, na unga ulikuwa umekwisha. Akakuta ubao umeshashushwa.

"Baba Nyasani, nisagie hii tu ya mgonjwa."

"Sabato imeingia, Mama Ondieki," Mogire akamjibu.

Nyanchera akageuza shingo akaangalia uwanja. "Mbona kuku wako bado wako nje?"

Na walikuwa nje. Walikuwa wanachakura pumba pale mlangoni, hawana haraka yoyote. Kuku hana dini, lakini saa ya kulala anaijua kuliko mchungaji.

Mogire aliwaona. Sikia hapo vizuri: aliwaona. Lakini kwenye njia, nyuma ya mama huyu, walikuwa wamesimama watu wanne wa kanisa, mizigo kichwani, wanasikiliza. Ainue ubao mbele yao? Na Biblia iko kwa paja? Akashusha sauti, ikawa ile sauti yake ya upole, akamwambia afadhali mtu alale njaa kuliko kumkosea Mungu. Wale wanne wakatikisa kichwa kwa kukubali. Nyanchera akajitwisha kikapu, akarudi na matope yake.

Asubuhi ya Sabato, kukiwa kumepambazuka, Mogire akasikia jiwe ng'ambo ya bonde. Kwaru, kwaru, kwaru. Akajua ni la nani.

Angenyamaza. Lakini kwenye kikao cha wazee Omwenga aliuliza kama kuna jambo linalolemea kanisa, na Mogire akasema alichosikia, kwa huzuni kubwa, akapangusa na jicho. Nyanchera akaitwa. Hakukataa. Alisema alisaga, mgonjwa hakuwa na kitu cha kumeza, na alisema alifika kinuni jua likiwa bado. Wazee wote wakamgeukia Mogire.

"Siku hiyo," Mogire akasema, "mawingu yalikuwa mengi."

Na yalikuwa mengi kweli. Hilo ndilo lilikuwa linamtafuna. Ukitafuta neno la uongo alilosema, hulipati.

Basi Nyanchera akawekwa nje. Wanawake waliokuwa wanalimiana naye kwa zamu wakaacha kufika kwake. Magugu yakapanda mpaka wimbi wake huwezi kuuona. Na Mogire naye mkono ukaanza kumkataa. Alichonga jiwe likaenda upande, unga ukaanza kutoka na mchanga. Watu walikula ugali ukilia kwa meno, wakanyamaza. Utamwambiaje mtu wa Mungu unga wake una mchanga?

Haya, turudi kwa beseni.

Ratemo alikuwa mtu wa mzaha. Mguu wa kulia ulikuwa umeshaoshwa, wa kushoto uko ndani ya maji. Akainama, akasema polepole, wengine wasisikie, kwamba miguu hii Mogire ameishika kuliko anavyomshika mke wake. Mogire akatabasamu. Ratemo akaendelea.

"Hebu nikuulize, Baba Nyasani. Funza zikiisha, bado utakuja kwangu?"

Ilikuwa mchezo tu. Ratemo mwenyewe alicheka. Lakini Mogire aliacha kuosha. Akaangalia vile vidole. Kutoa funza kunataka pini na mtu mvumilivu, basi. Hata mama mzee anafanya hivyo jioni akipiga hadithi. Miaka sita Mogire ameosha miguu hii mbele ya watu. Hajawahi hata siku moja kufika kwa Ratemo na pini.

Akasimama. Maji yanamdondoka kwa mikono. Mchungaji Josiah alidhani anaomba taulo.

"Ndugu zangu," akasema, "Ijumaa ile jua lilikuwa bado. Kuku walikuwa nje. Mama Ondieki aliwaona, na mimi niliwaona. Nilifunga ili wanaopita waone ninavyoitunza Sabato. Tena mimi ndiye nilimleta kwa kikao." Akaonyesha beseni. "Hata hapa kwa Ratemo natembea polepole ili mnione. Mimi si mnyenyekevu. Nataka sifa vile mlevi anataka pombe."

Ungesikia maji kwenye mabeseni.

Yeye alikuwa anangojea mawe. Kweli, alikuwa amekaza shingo akingojea. Badala yake mama mmoja upande wa wanawake akavuta pumzi, akasema, "Amina," na sauti ilikuwa ya mtu anayelia. Mwingine akaitikia. Omwenga akajikokota na fimbo yake mpaka mbele, machozi yanateremka kwa mikunjo ya uso.

"Tangu nibatizwe," Omwenga akasema, "sijaona mtu akijishusha hivi. Mlikuwa mnataka mzee wa kanisa. Si huyu hapa?"

Kanisa likaitikia kwa furaha. Mchungaji akasema maneno mazuri kuhusu mtoza ushuru aliyejipigapiga kifua. Na Mogire, akiwa amesimama pale na mikono yenye maji, akasikia kitu cha moto kinampanda kifuani. Kitamu. Akakijua mara moja. Ni kile kile cha pale kinuni, Ijumaa, watu wakipita kimya. Sasa kimenona zaidi.

Akaogopa. Nakwambia aliogopa kuliko alivyoogopa kusimama. Akasema haraka, "Basi mrudisheni Mama Ondieki ndani."

Mchungaji Josiah hakuwa mtu mbaya. Alifunua kitabu, akakifunga, akakifunua tena. Akaeleza kwamba ndugu alikosea kwa kufunga kinu, na ndugu ametubu, mmesikia wote. Dada alikosea kwa kusaga siku ya Sabato, na dada hajatubu. Alipoitwa kwa kikao alisema angesaga tena. Ni mambo mawili. Siku atakayotubu, mlango uko wazi.

"Lakini ni mimi nilimfanya asage."

"Na ndiyo maana tunamshukuru Mungu kwa moyo wako, ndugu," Mchungaji akasema, na alikuwa anamaanisha kabisa. Akageukia kanisa. "Wanaokubali jina la dada litolewe, wainue mkono."

Mikono ikapanda. Mingi ilikuwa bado na maji ya kuoshana. Mogire akaiangalia, ya Omwenga, ya wale wanne wa njiani. Ratemo alikuwa amekalia mikono yake miwili, mguu mmoja bado kwenye beseni.

"Sasa ndugu yetu Mogire asogee apige magoti."

Mogire akageuka akatoka nje.

Na huko nyuma akasikia, kupitia dirisha, neno kwa neno. Mnaona? Anaenda kukaa na aliyetengwa. Mungu wangu, mnaona huyu mtu?

Nyanchera alikuwa amesikia yote. Dirisha liko juu ya kichwa chake. Hakuwa analia. Mogire akafika, akasimama mbele ya benchi, akasema nisamehe, akarudia.

"Umemaliza?" Nyanchera akauliza.

"Acha nikae na wewe hapa."

"Usikae."

"Mama Ondieki..."

"Unawasikia huko ndani? Ukikaa hapa watakufanya mchungaji."

Hakucheka. Akasogea katikati ya benchi, nafasi ikaisha.

"Ukirudi ndani, watakusifu," akasema. "Ukikaa, watakusifu. Hata usije shambani kwangu na jembe kesho, juu watakuona kutoka barabarani, watasifu na hilo jembe. Mimi nimefutwa, Baba Nyasani. Nitafutwa na wewe uimbiwe wimbo juu yangu?"

Mogire alitaka kusema kwamba safari hii hakuna anayetafuta sifa. Akajichungulia ndani kwanza, kuona kama ni kweli, kabla hajasema. Akaanza kurudi mlangoni, akaishia njiani.

Mchungaji Josiah akatokea mlangoni. Nyuma yake walikuwa wameanza wimbo na wakaukatiza katikati, wanangoja. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama unavyomwita mtoto avuke maji. Nyanchera akang'oa unyasi pembeni ya benchi, akauweka kwa meno, akaangalia bonde. Kutoka benchi mpaka mlango ni hatua kumi hivi, na Mogire alikuwa amesimama kwa ya tano, hasogei mbele, harudi nyuma, na shingo zote dirishani zinamwangalia atakachofanya.

Haya, wewe unayesoma. Ungekuwa ni wewe umesimama pale, ungefanya nini?