Ukuta wa Desemba

Niliambiwa nipumzike. Neno hilo mwanangu Bethwel alilileta kutoka Nakuru mjini pamoja na fundi na simenti, akanijengea nyumba ya mawe hapa Keringet, mbele ya ile yangu ya udongo. Nilishukuru, kwa kuwa si adabu mzazi kukataa nyumba. Lakini hakuna aliyeniuliza napumzika kutoka kazi gani.

Kazi yangu ni ukuta. Kila Desemba, mvua ikishapungua, wanawake wa huku hukandika nyumba zao upya kwa udongo na samadi, kisha huzichora kwa udongo mweupe wa mtoni, udongo mwekundu, na weusi wa betri zilizokwisha. Wengi hupiga mstari chini na mwingine juu, wakaridhika. Mimi sijaridhika hata mwaka mmoja. Nilichora mabawa, pembe za ng'ombe na vitu visivyo na jina, hadi watu wakawa wanaiacha njia ya kanisani waje kutazama. Nimezaa, nimelima viazi, nimezika mume. Hayo mwanamke yeyote angeyafanya. Ukuta ule hakuna ambaye angeuchora ila mimi.

Nyumba mpya ilipakwa rangi ya mafuta, krimu, laini kama sahani. Nilijaribu kuichora kwa nyuma, udongo ukakauka na kudondoka wote. Bethwel akacheka, akaniletea maua ya plastiki ya kubandika. Mimi, maua ya plastiki! Niliyabandika kwenye banda la kuku, nikaendelea kuchora ile nyumba ya zamani ingawa ndani walilala ndama.

Mwaka huu akapiga simu. Wanawake wa chama cha Fancy, mkewe, wangekuja Krismasi na magari yao, na hapakuwa na pa kuyaegesha. Nyumba ya udongo ingebomolewa Jumamosi. Nilikata simu nikaenda kukanda udongo.

Jirani yangu Chepkosgei alinikuta nikichora, akauliza kama nina akili timamu, kuremba nyumba inayokwenda kufa. Nikamwambia mvua ya Aprili huniharibia kazi kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuniita mwendawazimu kwa kurudia.

Jumamosi Bethwel alifika na vibarua wawili. Ukuta ulikuwa bado mbichi, na sijawahi kuchora vizuri hivyo maishani.

"Mathe, sasa hii umefanya nini? Si nilikushow tunabomoa?"

"Uliniambia. Bomoa. Lakini si hao vijana. Shika sururu wewe mwenyewe."

Alitarajia nilie, na maneno ya kunibembeleza alikuwa nayo tayari mdomoni. Hasira ikampanda. Akapiga juu, chini ya paa, mahali mvua haijawahi kufika. Kipande kikubwa kikaanguka, na pale palipokatika tabaka zikaonekana: nyeupe, nyekundu, nyeupe, Desemba zangu zote zimelaliana, unene wa kiganja. Katikati palikuwa na moja nyeusi tupu. Akaigusa kwa kidole.

"Hii ni ya lini?"

"Ni ya mwaka tuliomzika baba yako. Nilipaka weusi peke yake. Ulisema watu watadhani nimerukwa na akili."

Aliweka sururu chini, macho yamejaa machozi. Basi nikakasirika zaidi. Miaka yote hiyo alipita mbele ya ukuta ule akienda kunywa chai, na leo ndio anauona, baada ya kuupiga. Sikukitaka kilio chake. Nilitaka ukuta. Nikamwambia amalize alichoanza, wageni wana magari, na nyumba ya udongo haikujengwa iishi milele.

Nikachukua panga nikaenda kwenye nyumba ya mawe. Sikwenda nyuma tena. Nilianza upande wa mbele kabisa, unaotazama barabara, nikaikwangua ile krimu mpaka simenti ikatokea, maana udongo unataka mahali penye mikwaruzo pa kushika. Nilikwangua kwa nguvu zangu zote, vumbi likinijaa puani.

Nyuma yangu nilimsikia Bethwel akiwauliza vibarua kama kuna panga lingine. Akaja akasimama kando yangu, akaanza kukwangua.

"Kwangua tu," nikamwambia. "Kuchora usiguse."