Kifua Kipya cha Shangazi

Siku Zuena alipomaliza kumchokonoa Shangazi kwa tupa na kumvuta kamba, mbuzi walikata kamba zao, kuku waliokuwa wakitaga waliahirisha, na Mzee Mhina, mwenyekiti wa kijiji, alitoka chooni mbio huku ameshikilia suruali. Kwaluguru nzima, kule Handeni, ikapiga vigelegele.

Shangazi hakuwa mtu. Ulikuwa msumeno wa mnyororo, wa injini ya petroli, mkongwe kuliko Uhuru wenyewe, ulioachwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge siku alipofunga virago. Kijiji kiliuita Shangazi kwa sababu ukianza kusema, hakuna anayepata nafasi ya kujibu.

Zuena alikuwa ametoka chuo cha ufundi, Tanga mjini, mwaka uliotangulia. Binti mwembamba, mwenye haya, asiyeweza kumfukuza kuku jikoni bila kwanza kumwomba radhi. Mbele za watu maneno yalimkauka kooni. Lakini mpe spana, akae peke yake na chuma, utamsikia anaimba. Kijiji kilimkabidhi Shangazi, naye akampenda kama anavyopendwa mzee mkorofi. Akaona anapumua kwa shida. Akamfungua, akalipanua kwa tupa lile tundu la kutolea moshi ndani ya silinda, akatoboa na eksozi, bomba la moshi la nje, akafunga. Na kweli Shangazi akapumua! Magogo ya mninga yaliyokuwa yakila asubuhi nzima sasa yalikatika kabla chai haijapoa. Watoto walimfuata Zuena njiani wakiunguruma.

Furaha hiyo haikufika mwezi. Shangazi alikohoa, akalegea, akanyamaza katikati ya gogo. Zuena akavuta kamba. Ilikuja nyepesi kama uzi wa kanga kuukuu. Hakuna kilichomvuta mkono kurudi nyuma. Alipofungua silinda, moyo ulimshuka mpaka kwenye kandambili. Silinda ile ilikuwa ya aluminiamu, laini, ila ndani ilivikwa ngozi nyembamba ya kromu inayong'aa kama kioo. Sasa ngozi ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu, na ilianzia palepale alipopitisha tupa. Alilipanua lile tundu akauacha ukingo wake mkali. Ringi ya pistoni ilipita pale ikijikwaa, ikajikwaa, mpaka ikamenya kromu yote.

Na kuta za darasa jipya la kijiji zilikuwa zimesimama tayari. Matofali mabichi, ya udongo, yaliyofyatuliwa kwa mikono ya kijiji kizima, yakisubiri tu boriti za paa, ambazo Shangazi ndiye wa kuzikata. Upande wa milima ya Nguu mawingu yalishaanza kukusanyika. Masika yakiingia kabla ya paa, darasa litarudi kuwa tope, na watoto watasomea tena kwenye banda la pamba na panya wake.

Hakuna aliyemgombeza Zuena, na hilo ndilo lililomliza. Watu walimletea mayai kama mfiwa.

Mzee Mhina akapanda basi kwenda Korogwe, kwenye karakana ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya Kilole, penye mashine ya kukereza vyuma. Akarudi jioni amenuna.

"Msimamizi wao anasema mashine ni ya kazi za shamba. Turudi mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita darasa litakuwa kidimbwi cha bata," alisema Bibi Mwantumu, bibi yake Zuena, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua choroko. "Mhina, ulikwenda kuomba?"

"Sasa ningefanya nini, bibi?"

"Pale kuna Mnyamwezi. Ponsiano, mkereza vyuma. Babu yake alikuja na manamba kukata mkonge, akasahau njia ya kurudi Tabora. Mnyamwezi ni mtani wetu sisi Wazigua! Mtani haombwi. Unaingia, unachukua kitu chake, unamtukana, na hukirudishi mpaka akutimizie haja." Akamgeukia Zuena. "Utakwenda wewe."

"Mimi, bibi?"

"Wewe ndiye uliyemmenya Shangazi. Na Mhina ameshaonekana uso."

"Bibi, sijawahi kumtania mtu hata siku moja."

"Najua. Aibu yako naifahamu tangu unanyonya. Ulikuwa unasubiri watu wageuke." Bibi akacheka mpaka choroko zikamwagika. "Nenda. Ukifika, usifikiri. Ukifikiri tu, umekwisha."

Basi Zuena akaifunga silinda kwenye kanga pamoja na pistoni yake, akaenda Korogwe huku midomo ikimcheza, akijifunza matusi kimoyomoyo. Mtumwa wangu wewe. Mbeba mizigo wewe. Alipofika yale makali yote yalikuwa yameyeyuka.

Ilikuwa saa ya chakula. Karakana ilikuwa kimya, inanuka grisi na mkonge mbichi. Karibu na mashine ya kukereza alikaa mwanaume mnene, ovaroli ya buluu, amejitandikia gazeti juu ya sanduku. Mbele yake palikuwa na ugali na perege mkubwa wa mto Pangani, wa kukaanga, kichwa bado hakijaguswa.

"Shikamoo," alinong'ona Zuena. "Samahani, wewe ndiye mkereza vyuma?"

"Marahaba. Mmh," alijibu yule, mdomo umejaa, akaitikia kwa kichwa.

Zuena alifumba macho. Usifikiri. Akaweka silinda chini, akavuta bakuli, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akang'oa kichwa cha perege.

"Mbeba mizigo wewe!" Sauti ilitoka nyembamba, kama filimbi. "Unakula peke yako kama, kama fisi, na bwana wako nimetoka Handeni sijatia kitu tumboni! Mtumwa wangu! Leo samaki utamsikia harufu tu!"

Akala. Akala kichwa chote, macho na mashavu, machozi ya woga yakimtiririka, akamalizia na tonge. Yule mwanaume alibaki ameinua mkono wenye ugali hewani. Hakucheka. Hakutukana. Alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Nyuma ya mashine kukasikika kitu kikianguka. Kisha sauti ya mtu anayekosa hewa. Akatokea kijana mrefu, mikono imejaa mafuta, amejishika mbavu kwa kicheko.

"Dada," alisema alipopata pumzi, "Mnyamwezi ni mimi. Mimi ndiye Ponsiano. Huyo uliyemlia samaki ni msimamizi wetu, Mzee Ernesti. Mbena! Wa Njombe! Naye anakereza vyuma, tena ndiye aliyenifundisha."

Zuena alitamani ardhi ya Korogwe ifunguke. Mfupa wa perege ulikuwa bado uko mdomoni. Akautoa taratibu, akaurudisha bakulini kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee," alisema tena.

"Kile kichwa," alisema Mzee Ernesti polepole, "nilikuwa nimekiweka mwisho."

"Nisamehe, mzee. Nitakupikia mwingine. Nitakupikia wawili. Nitaondoka sasa hivi."

"Kaa!" Mzee Ernesti akanyanyuka. "Ponsiano! Huyu ni mtani wako au si mtani wako?"

"Mzigua, mzee? Ni mtani, tena babu zetu waliwanunua."

"Basi kosa lake ni lako. Hata kwetu tuna watani wetu Wahehe, nayajua haya mambo. Mtani wako ameniingilia bakulini, utanilipa wewe."

"Mzee! Sijala hata mwiba!"

"Ulikuwa unacheka badala ya kuniokoa. Wiki nzima perege ni juu yako." Kisha akamgeukia Zuena, akaona lile furushi la kanga. "Na wewe, binti. Ni nini hasa kilichokufanya ule samaki wa mtu huku unalia?"

Zuena akafungua kanga. Akaonyesha: ngozi ya kromu iliyobanduka, ukingo mkali alioupitishia tupa mwenyewe, pistoni iliyochubuka. Mzee Ernesti akaipeleka silinda kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Uso wake wote ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekutana na rafiki wa zamani aliyeugua.

"Huu si ule msumeno wa Mgiriki? Nilimsikia mimi huyu, miaka ile. Alikuwa na sauti!"

"Sasa ana sauti zaidi," alisema Zuena. "Alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyempanua."

"Umempanua ukasahau kuulaza ukingo."

"Ndiyo, mzee."

"Kromu hatuna namna ya kuirudisha hapa," aliingilia Ponsiano, ameshasahau kucheka, ameinama na yeye kuchungulia. "Lakini tukichimba ndani kidogo, tukamtilia slivu ya chuma cha kalibu? Kuna ile silinda ya pampu iliyopasuka, chuma chake kizuri. Namkerezea bomba jembamba, tunamvika kwa ndani. Anapata kifua kipya."

"Na madirisha, yale matundu ya moshi?" aliuliza Zuena. "Slivu itayaziba."

"Madirisha utayakata wewe. Si una tupa?"

"Mashine ni ya kazi za shamba," alisema Mzee Ernesti. Zuena akaanza kuikunja kanga. "Kazi za shamba zinaisha saa tisa na nusu. Baada ya hapo mashine inapumzika tu, inakaa bure. Haya, msinisimamie hapo kama mnasubiri posho!"

Zikafuata siku ambazo Zuena hakuwahi kuziota. Alilala kwa mke wa Mzee Ernesti, na kila alasiri alikuwa karakana. Ponsiano alikereza chuma kikimwagika nyuzi za kung'aa, huku ulimi wake haupoi.

"Nyinyi Wazigua mnalima mahindi mkiwalimia nguruwe pori."

"Na nyinyi mlitembea kutoka Tabora na mizigo ya watu kichwani," alijibu Zuena, bila kuinua macho kutoka kwenye tupa, "mkashindwa hata kukumbuka mlipoiweka."

"Aa! Mzee, umesikia? Filimbi imeanza kulia!"

Zuena akagundua ajabu moja: kumtukana Ponsiano hakukukausha koo. Kulikuwa kama kuvuta kamba ya injini iliyo nzima, unavuta, inakuvuta. Alichora madirisha kwenye slivu kwa chaki, akayakata, kisha akakaa alasiri nzima akilaza kingo zake, kidogo kidogo, akizipitishia kidole kila mara, mpaka zikawa laini kama pindo la leso.

Siku ya kumvika, slivu ililazwa kwenye friji la mafuta ya taa la zahanati ya shamba, katikati ya chupa za chanjo, ili isinyae. Silinda nayo ilikaangwa kwenye karai la mafuta kama andazi, ili itanuke.

"Haraka!" alifoka Mzee Ernesti. "Ikikwama katikati, basi tena!"

Ponsiano alikuja mbio kutoka zahanati, slivu mkononi, muuguzi akimfuata nyuma akilalamika. Zuena akaipokea kwa kitambaa, akalinganisha alama na alama, akaiachia. Ikateremka yenyewe. *Tok.* Ilikaa. Mzee Ernesti alimaliza kuinyoosha ndani kwenye mashine, wakaisugua kwa msasa na mafuta, wakamtilia Shangazi pistoni iliyosafishwa na ringi za chuma walizozikereza hapohapo.

Jumamosi, siku ya kazi za kijiji, Kwaluguru yote ilikuwa uwanjani. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka yanagusa miti. Gogo refu la mninga lililala juu ya vitegemeo, na juu ya gogo, mwishoni kabisa, alikuwa amekaa Ponsiano, aliyeshuka basi la asubuhi, miguu inaning'inia.

"Sitoki!" alitangaza. "Mimi ndiye niliyempa huyu bibi kifua. Gogo hili ni langu mpaka mnipe jogoo."

"Mtoeni huyo, tunachelewa, mvua hiyo!" alisema Mzee Mhina.

"Nani wa kumgusa? Ni mtani," walisema watu, wakicheka. "Zuena! Mtani wako huyo!"

Uwanja mzima ulimgeukia. Zuena alihisi koo likianza kukauka kama zamani. Kisha akamtazama Ponsiano pale juu, anavyojidai, na kicheko kikamtekenya.

"Kaa hapohapo!" alipiga kelele, na sauti haikuwa filimbi tena, hata yeye ilimshtua. "Mbeba mizigo asiyejua kuteremka! Mnyamwezi wa kuazimwa! Kaa, ushikilie!"

Watu walilipuka. Bibi Mwantumu alianguka mkekani. Zuena alikuwa ameshatia petroli, mafuta ya injini yamezidishwa kidogo kwa ajili ya kifua kipya. Akaweka mguu, akavuta kamba. Kimya. Kamba haikuja nyepesi. Ilimvuta mkono, nzito, hai, kama mtoto anayekataa kuachia titi. Akavuta tena. Kimya. Mzee Mhina alifumba macho. Akavuta.

Shangazi akafungua kinywa.

Mbuzi walikata kamba. Moshi wa buluu ukapanda, na Zuena, akicheka bila kusikika na mtu, akaulaza mnyororo juu ya mninga, hatua kadhaa kutoka kwa mtani wake. Unga mwekundu wa mti ukaruka. Ponsiano alikuwa akisema kitu, mdomo unafunguka na kufungika, labda anadai jogoo, labda anasali. Shangazi hakumpa nafasi ya kujibu. Mnyororo ukatokea upande wa pili, safi, na kipande cha gogo kikashuka chini na Ponsiano wake, *puu*, miguu juu.

Wanaume waliivamia boriti ya kwanza kabla vumbi halijatulia, wakaibeba kwenda kwenye kuta wakiimba. Zuena hakuzima. Alisogea mbele kipimo cha boriti nyingine, akamfanyia Ponsiano ishara kwa kidevu: panda tena.

Naye akapanda.