Mbebaji wa Mnara

Kabla ya vita, chama cha mazoezi ya viungo cha Jinja kilikuwa na vyuma vya kunyanyua, magodoro ya kuangukia na kioo kirefu cha ukutani. Vita vilipokwisha hakikubakia hata kipande cha kioo. Waporaji walibeba kila kitu, na walichoshindwa kubeba walikivunja. Mutwalibu, mwalimu wa chama hicho, hakupoteza muda kulaani. Aliwakusanya wanachama waliosalia katika uwanja wa kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokuwa kimefungwa, akawaonyesha bomba nene lililopita kati ya kuta mbili, akasema:

"Uzito mnao. Kila mmoja wenu amekuja na wake. Haya, ninginieni."

Hivyo chama kikafufuka. Watu walijinyanyua kwenye bomba, walipiga pushapu juu ya sakafu ya saruji, walisimama kwa mikono huku miguu yao imeegemea ukuta uliotobolewa na risasi. Walikuja wakiwa wamekonda, macho yao yakihangaika kila gari lilipopita barabarani, na taratibu mabega yakarudi mahali pake. Mutwalibu aliwatendea kwa ukali ule ule aliotumia zamani. Aliyechelewa alizunguka uwanja kwa kuruka kichura. Na katika kujenga mnara wa watu, zoezi ambalo chama kilisifika kwalo, alikuwa na sheria isiyo na msamaha: mtu wa chini, waliyemwita mbebaji, ndiye mwenye amri. Wa juu hapandi mpaka mbebaji aseme, "Nipo." Na asiye mzima haruhusiwi kutamka neno hilo. Mbebaji wa mnara, tangu chama kianzishwe, alikuwa Mutwalibu mwenyewe.

Ndipo akaja Masaba.

Alikuwa kijana mwembamba kutoka Wanale, upande wa Mbale, aliyekuja Jinja kutafuta kibarua cha kupakua magunia. Siku ya kwanza alisalimia kwa heshima, akaketi pembeni, akatazama. Alipokaribishwa ajaribu lolote analolijua, aliweka viganja vyake juu ya matofali mawili, akanyoosha mikono, akainamisha kifua mbele kidogo. Kisha miguu yake ikaiacha ardhi. Mwili wote ukalala hewani, sawa na ubao, viganja tu ndivyo vilivyogusa kitu. Wala hakutetemeka. Alikaa hivyo kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Jameni!" alipaza sauti Odero, dereva wa lori kutoka Kisumu, mtu mzito wa miraba minne aliyefanya mazoezi na chama kila safari zake zilipompitisha Jinja. "Huyu amesahau kwamba ana miguu! Mwalimu, ulimwona mtu wa namna hii wapi?"

Mutwalibu hakumwona popote. Zoezi hilo, waliloliita kuelea, alikuwa amelitafuta tangu ujana wake. Alikwisha kulisikia, alikwisha kuona picha yake, alikwisha kulijaribu mpaka mishipa ya shingo ikamvimba. Na kila mara vidole vyake vya miguu viling'ang'ania sakafu kama vya mtoto anayeogopa maji.

"Vizuri," alisema. "Sasa shuka, tuendelee na kazi."

Lakini tangu siku hiyo uwanja ulibadilika. Wanachama walimaliza mazoezi ya Mutwalibu haraka haraka, kama watu wanaomaliza uji ili waifikie nyama, kisha wakamzunguka Masaba. Naye hakujisifu, na hilo ndilo lililomchoma Mutwalibu zaidi. Angejisifu, angalau angekuwa na la kumlaumu. Kijana alimwita "Mwalimu" kwa dhati, alifagia uwanja kabla ya wengine kufika, na alipoulizwa swali alijibu, "Mwulizeni Mwalimu kwanza." Mutwalibu alilala na maneno hayo kama mtu aliyelala na mwiba.

Wakati huo watu wa Mbale nao walitaka chama chao. Wazee wa chama wakaamua kwamba siku ya pili ya Idi kungekuwa na maonyesho katika uwanja wa Mbale, na baada yake wangemchagua mwalimu mmoja wa kufundisha miji yote miwili. Zamani jina lingetajwa bila mjadala. Safari hii waliposema "tutachagua," Mutwalibu aliona macho yao yakielekea kwa kijana aliyekuwa akielea juu ya matofali.

Akajiambia kwamba lazima kuna siri. Mtu hawezi kuyapata hayo bila mwalimu. Pengine kulikuwa na mkufunzi wa jeshi, pengine hata dawa. Akaaga kwamba anakwenda Mbale kuukagua uwanja, na alipoukagua akapanda hadi Wanale, chini ya ukingo wa mlima, akauliza nyumba ya Nambozo, shangazi aliyemlea Masaba.

"Hodi hapa."

Mwanamke mmoja mzee alitoka jikoni, mikono yake ikiwa wazi mbele ili ionekane haina kitu. "Afande, hapa hapana kitu. Wenzako walibeba yote."

"Mimi si afande, mama. Mimi ni mwalimu wa Masaba, kule Jinja."

"Mwalimu?" Nambozo alimtazama kofia na viatu. "Basi kwa nini unaongea Kiswahili, maneno ya askari?"

"Ni maneno ya kwetu, mama. Sisi Waislamu wa mjini tumezaliwa nayo kabla ya hao askari."

Nambozo alicheka, akaishusha mikono, akamletea kigoda. Alipoulizwa nani alimfundisha Masaba kuelea, hakuelewa. Mutwalibu akamweleza kwa kunyoosha mikono yake. Hapo mama yule alisimama, akamwongoza hadi ghala la kahawa lililoungana na nyumba. Alionyesha juu. Kulikuwa na dari la mbao chakavu, na juu yake, karibu kabisa, mabati.

"Mtu alimchongea, ati anapelekea waasi chakula. Mimi nikamficha hapo. Halafu askari wakakuja wakakaa hapa hapa, wanalala chini yake. Mbao hii iko na kelele sana. Boriti hapana." Alipapasa hewa, kiganja kimoja huku, kingine kule. "Akitaka kugeuka, akitaka kufika kwa tundu apate hewa, anashika boriti hii na ile, anabeba mwili yote. Mguu haigusi. Kusimama hawezi, bati iko hapo. Siku ingine afande anaamka anatazama juu, na mtoto iko hewani, anangoja Mungu."

"Kwa muda gani, mama?"

"Mpaka vita ilipoisha. Alipotoka, hakujua kutembea. Alijua hiyo tu."

Mtu mwingine angeshuka mlima ule na moyo uliolainika. Mutwalibu alishuka akiwa amekasirika. Ni aibu kulisema juu ya mtu mzima anayeswali, lakini ndivyo ilivyokuwa: alimwonea Masaba wivu hata kwa mateso yake. Yeye vita vilimpata Jinja, akajifungia chumbani na mkewe, wakala muhogo, wakasubiri. Na kusubiri kwake hakukumzalishia chochote. Kijana huyu alikuwa ametishwa, akafichwa, akatoka na hazina. Kama dari lingeweza kufundisha, Mutwalibu alijiambia, hata yeye angejitafutia dari.

Ramadhani ikaingia. Kila alasiri, koo likiwa kavu na tumbo likinguruma, Mutwalibu alijipenyeza chini ya meza ya kulia chakula, akaweka matofali mawili, akajaribu kuelea katika nafasi finyu kama ile aliyoiona Wanale. Aliwakataza wanachama waliofunga kufanya mazoezi mazito kabla ya kufuturu, kwa sababu aliujua mwili mkavu unavyochanika. Mwenyewe hakujikataza.

"Baba Asadu," mkewe Namukose alimwita siku moja, akiinua kitambaa cha meza, "umepoteza nini huko chini?"

"Kifungo."

"Kifungo gani kinachotafutwa kwa matofali? Futari naiandaa juu ya meza, wewe uko chini yake kama paka. Toka."

Hakutoka. Alisubiri nyayo zake ziondoke, akasukuma tena, na safari hii vidole vya miguu viliiacha sakafu. Kwa pumzi moja alielea. Kisha kitu kikalia ndani ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, naye akaanguka kifudifudi juu ya mkeka.

Kifundo kilivimba. Alikifunga kitambaa na kukificha ndani ya shati la mikono mirefu. Uwanjani alisimamia mazoezi kwa mdomo tu, akidai kwamba saumu imemchosha, na watu wakamwamini, kwani hawakuwahi kumsikia akisema uongo. Namukose peke yake ndiye aliyejua, maana ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto.

"Waambie," alimwambia.

"Nikiwaambia, watampa yeye chama."

"Na usipowaambia?"

"Mimi ndiye mbebaji, mama Asadu."

"Hilo ndilo ninalouliza. Huyo utakayembeba ana shangazi. Mwenyewe uliniambia uliketi juu ya kigoda chake."

Mutwalibu alivuta mkono wake kutoka bakulini, akaukausha.

Siku ya pili ya Idi, Odero aliwapeleka Mbale kwa lori lake, wanachama wakiimba nyuma na kunyamaza kwenye kila kizuizi cha askari. Uwanja ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wamevaa kanzu mpya na nguo zilizoshonwa upya, wafanyabiashara wa Nakaloke, mji wa jirani, walikuwa wamefunga mabanda yao, na wanawake wa Wanale walikuwa wameketi mbele, Nambozo miongoni mwao. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu watu wengi namna ile wakusanyike pamoja bila kuitwa kwa bunduki. Kila mwanachama aliyejinyanyua alishangiliwa kama ndugu aliyerudi.

Mwisho ukaja mnara. Mutwalibu alisimama katikati, akapanua miguu, akainua mikono yake miwili juu ya kichwa, viganja vikitazama mbingu. Masaba alipaswa kupanda kwa mgongo wa wenzake, aweke viganja vyake ndani ya vile vya Mutwalibu, na aelee kule juu, ambako hapakuwa na godoro la kumpokea.

"Nipo," alisema Mutwalibu.

Kilikuwa kiapo cha uongo, na aliyekitamka alijua. Masaba aliweka viganja vyake, akaanza kuuachia uzito. Maumivu yakashuka kutoka kifundoni hadi kwenye meno. Mkono wa kushoto ukayumba. Na katika kuyumba huko Mutwalibu aliona wazi jinsi ingekuwa rahisi: ukunjike tu, kijana aanguke, na kesho kutwa watu waseme kwamba Masaba bado ni mchanga. Wazo hilo lilikaa naye muda mfupi, lakini lilikaa.

Kijana hakuendelea. Aliushusha mguu wake juu ya mgongo wa mwenzake, akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwa Mutwalibu.

"Mwalimu, mkono wako si mzima. Nauhisi."

"Panda."

"Hapana. Mimi nitaruka chini, nitasema nimeteleza. Watanicheka mimi. Wewe usiseme kitu."

Hapo ndipo Mutwalibu aliposhindwa kuvumilia. Kijana huyu alikuwa amemchukulia zoezi alilolitamani tangu ujana, macho ya wanachama, na karibu amchukulie chama. Sasa alitaka na hili pia, kuwa mkubwa wa kumfichia aibu? Mutwalibu aishi miaka yote iliyobaki akijua kwamba jina lake limesimama kwa hisani ya Masaba? La, hasha. Wivu ule ule uliomsukuma aseme uongo ndio uliomkataza asifichiwe uongo wake. Aliishusha mikono yake, akakunja mkono wa shati mbele ya uwanja mzima, kitambaa kikaonekana.

"Sipo!" alisema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Mkono huu umeumia tangu Ramadhani, nami nimesema uongo. Masaba hakuteleza. Mbebaji ndiye asiye mzima."

Mnong'ono ulipita kama upepo juu ya mtama. Mmoja wa wazee wa chama aliitazama ardhi. Mutwalibu hakumtazama, alimwita Odero.

"Mimi?" alisema Odero. "Mwalimu, mimi ni mtu wa usukani!"

"Wewe ni mtu wa mgongo. Njoo usimame hapa. Funga magoti. Usitazame juu, juu si kazi yako."

Odero alisimama, akanyoosha mikono, akapumua kwa nguvu. "Nipo," akasema, na sauti yake nene ikawachekesha watu, kicheko cha kutua mzigo. Masaba alipanda. Viganja vikakutana. Miguu ikanyooka nyuma, ikainuka, na mwili wa kijana ukalala juu ya uwanja wa Mbale, mbele ya mlima wa kwao. Nambozo alisimama, mkono mdomoni.

Mutwalibu alisimama chini yake, mkono wake mzima ukiwa tayari kudaka, macho yake yakimkagua kijana kidole kwa kidole, kama ambavyo wivu peke yake huweza kukagua. Na akaiona: kiwiko cha kulia kilikuwa kimelegea, unene wa ukucha tu. Katika uwanja ule wote hakuna mwingine ambaye angeiona kasoro hiyo. Furaha ikamjaa kifuani. Angeweza kuichukua kasoro hiyo nyumbani, akailaza karibu naye, akaitazama kila alipotaka.

Alibaki kimya mpaka makofi yalipoanza. Kisha akasema, kwa ukali ule ule wa kiwandani:

"Kiwiko cha kulia, Masaba. Funga."

Kiwiko kikafungwa. Mwili ukapanda kidogo, ukatulia kabisa, ukawa mstari mmoja usio na dosari. Uwanja mzima ukasimama ukimpigia makofi Masaba, na Mutwalibu, bila kuuondoa mkono wake chini yake, akasikiliza kila kofi.