Maige Anakatiza Wimbo

Mwaija binti Yassin alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Mwanza na mume mfanyakazi wa reli, na tangu ashuke stesheni hakuacha kuwaambia Wasukuma kwamba treni ilimtelekeza kwao kwa makosa. Wasukuma ni watani zake, hawakumwonea haya. Walimjibu kwamba treni ikichoka hutua mzigo mzito kwanza.

Siku ya arobaini ya msiba wa rafiki yake Maige, Mwaija alikuwa jikoni kwa marehemu, mtaa wa Mabatini, anapepeta mchele ambao ulishapepetwa mara mbili. Kazi yake siku hiyo haikuwa mchele, na kila mtu aliijua. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke na msiba uishe. Koti la Maige lilikuwa tayari juu ya gunia. Gitaa lake kavu liliegemezwa ukutani.

"Bibi, mbona huvai?" aliuliza Chenge, muuza dagaa, mpiga ngoma wa kikundi chao.

"Koti linanuka Msukuma. Naliacha lipigwe na upepo."

Chenge alichuchumaa karibu. "Unaogopa lile la salamu."

Mwaija akapepeta mchele kwa nguvu, pumba zikamrukia Chenge usoni.

Kikundi chao hakikuwa na jina wala sare. Maige, fundi baiskeli, alipiga gitaa, Chenge ngoma, Revocatus, fundi cherehani, aliimba kwa sauti iliyofika mwisho wa wimbo kabla ya wenzake, Mwaija alitikisa manyanga. Walitumbuiza harusi za majirani na malipo yao yalikuwa pilau. Na harusi zote ziliujua ugonjwa wa Maige. Akimwona mzee anaingia, gitaa linanyamaza. Katikati ya ubeti! Anashuka, anainama, anamshika mkono kwa mikono miwili: "Shikamoo baba. Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je?" Anamuuliza habari za ng'ombe mtu wa mjini ambaye hata kuku hana. Huku nyuma bwana harusi kanyanyua mguu kucheza, hajui autue wapi.

Sasa ugonjwa huohuo ndio uliomuua. Alikuwa anatoka harusi ya Usagara na pikipiki yake, gitaa mgongoni, akamwona mzee kando ya barabara amenyanyua mkono. Mtu mwingine angekaza mwendo. Maige alisimama, akavua kofia, akaamkia. Washirika wa yule mzee wakatoka vichakani na mapanga, wakaondoka na pikipiki. Waliyasema wenyewe walipokamatwa, na sasa wako rumande wanangoja kesi.

Tangu hapo Mabatini nzima ilisahau kwamba Maige alikuwa mpiga gitaa. Akawa "yule aliyeuawa kwa salamu". Mjane wake, Dorcas, alimkataza binti yao Rose kumwamkia mtu asiyemjua. "Salamu ndiyo iliyonifanya mjane," alisema, na nani angembishia?

Basi Mwaija alibanwa pande zote. Akiiacha salamu, atakuwa amemwigiza Msukuma mwingine yeyote, na Wasukuma hawana uhaba. Akiiweka, atamchoma Dorcas mbele ya watu.

Angeweza kuiacha. Lakini mumewe wa reli alipokufa, Mwaija mwenyewe alijifungia ndani, hataki jirani wala jua. Kila asubuhi fundi mmoja wa baiskeli alipita na kusimama dirishani, akimwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!" Hajibiwi, anaondoka. Kesho yupo. Mvua inanyesha, yupo, analowa. Mwisho Mwaija akafungua dirisha amtukane. "We Msukuma, huna kwenu?" Maige akacheka kama aliyepewa zawadi, akasema wanatafuta mtu wa kutikisa manyanga, na mwenye hasira anafaa zaidi.

Angekuwa mtu wa kupita bila kusimama, yeye Mwaija angekuwa wapi leo?

Aliweka ungo chini, akavaa koti.

Uani watu walikuwa wameshakula. Revocatus akaanza wimbo, Chenge akamfuata, na Mwaija akatokea na gitaa, kifua mbele, kichwa upande, mwendo wa Maige mtupu. Vicheko vikaanza kidogo kidogo. Alipofika ubeti wa pili, Mzee Elias, jirani, aliingia getini amechelewa. Mwaija akanyamazisha gitaa.

Vicheko vikakatika. Hata Chenge aliinua mikono kutoka kwenye ngoma. Mwaija alimwendea mzee, akainama jinsi magoti yake yalivyomruhusu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba. Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je?"

Mzee Elias aligeuza shingo. Alikuwa anamtazama Dorcas, aliyeinuka mkekani na kuja moja kwa moja. Mwaija akajua koti linavuliwa.

"Siyo hivyo," alisema Dorcas.

"Nisamehe, mwanangu."

"Hakuwa anaanza na ng'ombe. Anaanza na mvua. Ng'ombe ni mwisho, akishaishiwa." Akamsogeza Mwaija kwa kiwiko. "Na huinami hivyo, kama unatafuta sindano. Hivi."

Akainama. Akaushika mkono wa Mzee Elias. "Shikamoo baba." Akaongeza mkono wa pili, kama Maige. "Mvua mmepata?"

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee, midomo ikimcheza. "Mvua tumepata. Ng'ombe ndiyo sina, nilimwambia miaka yote."

Dorcas alicheka. Kicheko kilitoka na machozi pamoja, havikuulizana nani atangulie, na uani wote ukamfuata.

"Aliniamkia hivyohivyo kisimani, kabla hatujajuana," alisema akijifuta kwa khanga. "Nilidhani amepungukiwa akili."

"Na ukamkubali," alisema Mwaija. "Asante, maana angeoa Mzaramo asingebaki hata na hilo gitaa."

Bibi mmoja kwenye mkeka akalalamika kwamba na yeye ni mzee, mbona anarukwa tu kama jiwe? Rose akamtazama mama yake. Dorcas akamwitikia kwa kichwa, na Rose akaenda kupiga magoti mbele ya bibi. Wa pili akasafisha koo. Wa tatu akanyoosha mkono kabisa.

"Bibi," Chenge alinong'ona, "tuendelee na wimbo au tuache?"

"Una haraka ya wapi, wewe?" alisema Mwaija. "Huoni watu wanaamkiwa?"