Maziwa ya Saa Nne

Kuna watu wasiojua kunyamaza hata msibani, na katika matanga ya Barthélemy walikuwa wengi kuliko viti. Mmoja wao, kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi, alimtazama Évariste aliyeketi peke yake kando ya mlango, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakuna aliyeuliza anasemwa nani. Tangu siku hiyo ilipita miaka mitatu, na katika miaka hiyo hakuna mtu wa mtaa ule wa Kadutu aliyebisha hodi kwa Évariste.

Évariste na Barthélemy walikuwa wapishi wa gundi katika kiwanda cha viatu. Chumba chao kilikuwa nyuma kabisa, na dirisha lake moja lilipigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Humo waliyeyusha vipande vya mpira ndani ya benzoli, kimiminika kikali kama petroli, wakakoroga, na jioni wakanawa mikono kwa benzoli hiyohiyo, kwani sabuni haikuiweza gundi. Harufu yake ilikuwa tamu kidogo. Iliingia kwenye mashati na nywele, hata mkate wa mchana uliionja. Kichwa kikizunguka, walitoka nje wakaegemea ukuta na kucheka ovyo kama walevi.

Kila saa nne asubuhi kapita wao, msimamizi wa kazi, aliwaletea maziwa, nusu lita kwa kila mmoja. "Kunyweni, inafukuza sumu," alisema. Mzungu mwenye kiwanda ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, na mkubwa aliyepewa kiwanda na serikali Wazungu walipoondolewa hakuiacha. Maziwa yalikuwa rahisi kuliko kung'oa misumari ya dirisha.

Sasa, Barthélemy alikuwa na aibu moja: maziwa yalimwendesha tumbo. Mshi wa kule Walungu, mtoto wa kabila la wafuga ng'ombe, halafu anakimbia msalani kwa kikombe kimoja! Alimwapisha rafiki yake asimwambie mtu. Basi Évariste akawa anakunywa ya watu wawili, na wenzao wa upande wa cherehani wakawa wanaona.

Barthélemy alipoanza kutoka damu kwenye fizi, akajaa mabaka ya buluu mikononi bila kupigwa na mtu, kisha akafa kabla ya miezi miwili kwisha, hesabu ikawa nyepesi. Huyu alikunywa mara mbili, amenenepa. Yule hakunywa, amezikwa. Mtaa ukasema Évariste ni mulozi, mchawi aliyekunywa uhai wa mwenzake.

Eulalie, mjane wa Barthélemy, hakusema hivyo. Aliacha kumsalimu tu, na hilo ndilo lililomuumiza Évariste. Hakuwa na mke wala mtoto. Nyumba ya Barthélemy, mlango kwa mlango na yake, ndiyo ilikuwa nyumba yake ya Jumapili. Humo alikula bugali na samaki, na mtoto Noëlla akamwita tonton, kama mjomba wake. Sasa Noëlla akimwona, anavuka barabara asikutane naye. Évariste alijifunza kupika chakula cha mtu mmoja, na bado kikabaki.

Angeweza kujitetea. Lakini afichue tumbo la marehemu mbele ya mjane wake? Tena kulikuwa na jambo zito zaidi ya kiapo: yeye mwenyewe aliyaamini maziwa yale. Usiku na mchana alijiuliza kama kweli hakumuua rafiki yake, nusu lita kwa nusu lita.

Mwaka wa sabini na tisa, asubuhi moja, alitema mate yakatoka mekundu. Baada ya juma moja, baka la kwanza likatokea mkononi. Akaenda hospitali.

Daktari kijana alitazama karatasi ya majibu ya damu kwa muda mrefu. Akauliza kazi, akauliza miaka, kisha akamwita kirasmi, kwa jina la ukoo.

"Citoyen Mushagalusa, iko kansa ya damu. Ile benzoli ndiyo imekuletea."

"Na maziwa, dokta? Mi nilikunywa kila siku. Ya batu mbili."

"Maziwa haizuie benzoli. Inaingilia mu pumuzi, inaingilia mu ngozi. Hata ungekunywa maziwa ya ng'ombe yote ya Walungu, haingebadilisha kitu."

Évariste akacheka, machozi yakimtoka. Daktari akadhani hajaelewa, akarudia polepole. Lakini alikuwa ameelewa sana. Alikuwa anakufa, na hakuwa ameua mtu.

Alipanda mlima kurudi Kadutu akipumzika kila hatua ishirini. Njiani akanusa kola ya shati lake: benzoli ileile. Methali ya matangani ilikuwa ya kweli. Waliielekeza kwa mtu tu, wakaliacha shati.

Hakupitia kwake. Alibisha kwa Eulalie, na alipofungua, Évariste hakusalimu. Alikunja mkono wa shati.

Eulalie aliyatazama mabaka yale. Ya namna hiyo alikuwa ameyaosha mwilini mwa mumewe kwa kitambaa cha maji miezi miwili, hakuhitaji kuambiwa.

"Dokta anasema ni benzoli," Évariste akasema. "Maziwa haikuwa kitu, maman Eulalie. Hata Barthélemy angeikunywa, angekufa tu. Sikumuua."

"Najua."

"Kama alikuwa ananipa yake, ni juu ya... aliniapisha."

"Juu ya tumbo," Eulalie akasema. "Miaka kumi nilifua nguo zake, unazani sikujua?"

Évariste akaushusha mkono wa shati. Miaka mitatu alilinda siri isiyokuwa siri.

"Basi juu ya nini ulikataa kunisalimia?"

Eulalie akautazama mlango wa Évariste. "Nilitaka mutu wa kukasirikia. Mungu iko mbali. Weye ulikuwa hapa, mbele ya mulango. Unisamehe, tonton ya Noëlla."

Akamvutia kiti, akaingia ndani. Alirudi na kikombe kilichojaa, akampa kwa mikono miwili. Yalikuwa maziwa.

"Hainisaidie tena," Évariste akasema.

"Haiko dawa. Ni ya mugeni."

Évariste akayanywa taratibu mpaka chini, na Eulalie akasimama pale akingoja kikombe.