Mifupa Niliyoitupa

Mama alifariki Ijumaa, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani, akiwa peke yake jikoni kwake Opelousas. Saa tatu asubuhi alikuwa amenipigia simu.

"Wewe, mifupa iko wapi? Vitunguu nimeshakata, bamia ninazo. Nakungoja wewe tu."

Kwetu bata mzinga haliwi siku moja. Alhamisi tunakula nyama. Ijumaa mifupa inakwenda kwa Mama, anaichemsha, anakaanga unga kwa mafuta mpaka uwe kahawia, kisha anapika gambo, mchuzi mzito wa kutosha ukoo mzima. Mwaka ule bata alikuwa kwangu, mjini Baton Rouge.

Mifupa sikuwa nayo. Jana yake wakubwa wa kazini kwa mume wangu walikula kwetu. Mwanamke mmoja mwenye lulu shingoni alinikuta naifunga, akauliza, "Hiyo ya mbwa wenu?" Hatuna mbwa. Nilicheka, nikasema naitupa tu, nikaitupa mbele yake na kumwagia machicha ya kahawa juu.

Kwa hiyo nilimwambia Mama gari limekataa kuwaka.

"Si Alcide amelitengeneza juzi tu? Nimtume akufuate?"

"Usimsumbue, Mama."

"Haya." Akacheka. "Bata mzima, na mama yako anakula mkate!"

Kaka yangu Alcide alimkuta saa nane mchana, sakafuni. Daktari alisema ni moyo. Alisema kama kungekuwa na mtu karibu, labda.

Msibani Alcide alinishika mkono. "Nisamehe, Noelie. Mama alinipigia, akaniambia gari lako halikuwaka. Ile betri niliona imechoka, nikasema itafika Krismasi."

Nilimjibu kwamba si kosa lake. Nikaishia hapo. Mwaka mzima, kila alipokuja kwangu, alifungua boneti ya gari kabla hajasalimia watoto. Nami nilimtazama dirishani, nikamtengea kahawa.

Novemba iliyofuata alileta mifupa ya bata wake kwangu. Nilikuwa nakoroga unga, na ukishauanza huwezi kuuacha, utaungua. Alikaa mezani akinitania.

"Koroga, mtu wa mjini! Huo bado mweupe kama wageni wa mumeo."

"Njoo ukoroge mwenyewe, basi."

"Mimi fundi wa magari, siyo wa sufuria." Kisha akaongeza, "Ile betri, dada. Laiti ningeibadilisha."

"Alcide, gari lilikuwa zima."

"Lilikuwa nini?"

Nilimweleza yote nikiwa nimempa mgongo, mkono ukikoroga: yule mwanamke, kicheko changu, machicha ya kahawa. Nilishukuru kwamba unga haukuniruhusu kugeuka, na hilo pia linaniaibisha.

"Uliona haya kwa ajili ya mifupa," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi ukaniacha mwaka mzima nachungulia betri."

Nilisikia kiti kikisukumwa, kisha mlango. Unga ulikuwa umefika rangi yake. Nikatia vitunguu, nikapika, kwa sababu watu walikuwa wanakuja.

Tangu siku hiyo Alcide hajafika kwangu. Nikipika gambo, mkewe Earline huja kuchukua bakuli la Alcide, na keshoye hulirudisha limeoshwa.