Mgongo wa Gogo Herta

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Joséline alichemsha maji kwenye birika la umeme, akayachanganya na ya bomba ndani ya beseni la plastiki, akamwosha Gogo Herta mgongo. Alianza begani akashuka chini kwa kitambaa laini, akipita juu ya michirizi ya viboko bila kuikandamiza. Jumatatu michirizi ilikuwa minne. Sasa ilikuwa Jumatano nayo ilikuwa tisa, pamoja na duara jekundu ubavuni, la ukubwa wa kifuniko cha chupa, lililoachwa na risasi ya mpira. Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, hakuwa ametoka nje ya fleti yake ya ghorofa ya saba, Hillbrow, Johannesburg, tangu lifti iharibike mwezi wa Machi.

Viboko vilipigwa Jeppestown, mtaa mwingine wa jiji hilo, mbele ya geti la kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli. Wafanyakazi kumi na wawili walikuwa katika wiki ya tatu ya mgomo. Walidai mashine za kupigia pasi ziwekewe kinga, baada ya mashine moja kumkata Héritière vidole viwili. Vidole hivyo vilikatika kabla hajajiunga na chama cha Gogo Herta, kwa hiyo vilikosekana mkononi mwake mwenyewe. Yote yaliyowapata wanachama baada ya kujiunga yalitokea kwenye mwili wa Gogo Herta, jeraha na maumivu yake, dakika ile ile. Walinzi wa kiwanda waliligundua hilo siku ya kwanza, walipoona kwamba mwanamke aliyepigwa anasimama na kujikung'uta sketi. Tangu hapo walipiga kwa nguvu zaidi.

Jioni wanachama walipanda ngazi kuja kumjulia hali. Walimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao, mgongo wazi, anasoma gazeti.

"Ile refu iko yangu," alisema Benita, Mkongomani wa Bukavu. Kiwandani alikunja mashuka.

"Yako ni hii fupi," alisema Héritière. "Ulikuwa unakimbia."

"Miye? Nilikuwa nafuata kiatu changu."

"Kiatu kilikuwa kimekutangulia mpaka kwenye robot, pale kwenye taa za magari."

Gogo Herta aligeuza ukurasa. "Refu ni ya Benita," alisema. "Saa mbili na dakika kumi. Msibishane juu ya mgongo usio wenu."

Kiswahili chake kilikuwa cha Dar es Salaam ya zamani, na alikipata uhamishoni. Alizaliwa Altona, Ujerumani, mwaka 1910, binti wa dobi. Akiwa na miaka kumi na saba alipiga pasi mashuka ya meli na kuwaandikisha wenzake katika chama cha wafanyakazi na katika siasa za mrengo wa kushoto. Mwaka 1933 alikamatwa. Alipotoka alivuka mpaka kwa miguu, na mwaka 1936 alishuka treni Johannesburg. Miaka miwili baadaye alianzisha chama cha wafua nguo wa Jeppestown, akaandika majina ya wanawake weusi na weupe katika daftari moja, jambo ambalo sheria haikuruhusu. Serikali ilimpiga marufuku kuhudhuria mikutano, kisha mwaka 1964 ikampa kibali cha kuondoka kisicho na ruhusa ya kurudi. Alikaa Dar miaka ishirini na saba. Aliporudi alipanga tena katika jengo lile lile la Hillbrow alilolihama na kukuta majirani wanazungumza lugha aliyokwenda kujifunza mbali. Chama hakikuwa kimevunjwa na mtu yeyote, kwa hiyo aliendelea kuandikisha. Alikuwa na miaka mia na kumi na minne.

Alhamisi ilikuwa tena zamu ya Joséline, mwanachama kama wengine, kubaki naye. Cyriaque, mume wake, fundi wa boila, alikwenda getini. Wote wawili walitoka Ngozi, Burundi, na waliishi Johannesburg kwa karatasi za ukimbizi zilizohitaji kuhuishwa kila baada ya miezi sita.

Saa moja asubuhi lori la kiwanda lilitaka kutoka na mashuka. Cyriaque alisimama mbele yake. Mlinzi mmoja alichomoa bastola na kumpiga risasi kifuani, upande wa kushoto, chini ya mfuko wa shati, kutoka hatua tano. Cyriaque alilitazama tundu la shati, akakunja mikono, akabaki pale pale. Lori lilizimwa.

Hillbrow, Gogo Herta alikuwa anakunywa chai. Risasi ilitoka mgongoni mwake, ikapasua ubao wa kiti na kukwama katika mlango wa kabati, baada ya kuvunja vikombe viwili vilivyoning'inia. Damu ilifika hadi dirishani. Joséline alishika taulo na kuliziba tundu kwa mikono yote miwili.

"Nani?" aliuliza.

"Cyriaque," alisema Gogo Herta. "Bonyeza zaidi."

Jirani wa mbele alisikia kishindo akapiga simu. Polisi walifika baada ya dakika kumi na tano, na hilo ndilo jambo lililozungumzwa katika jengo kwa muda mrefu. Walimkuta bibi kizee mwenye tundu kifuani, michirizi tisa mgongoni na alama ya risasi ya mpira, na mwanamke mgeni mwenye damu hadi viwikoni. Gogo Herta aliwaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba risasi ilifyatuliwa Jeppestown na kwamba haikuwa yake. Askari aliandika kwamba mjeruhiwa amechanganyikiwa kwa sababu ya umri. Walipiga picha, wakamfunga Joséline pingu na kumshtaki kwa jaribio la kuua. Gogo Herta alikataa kwenda hospitali, akatia saini.

Mchana Cyriaque na Benita walikwenda kituo cha polisi kufungua kesi dhidi ya walinzi. Sajenti aliyekuwa kaunta aliwasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mama ulichapwa," alimwambia Benita. "Alama iko wapi?"

"Iko Hillbrow."

"Na wewe baba ulipigwa risasi. Lini?"

"Leo asubuhi."

"Eish." Sajenti alichungulia ndani ya tundu la shati, akaona ngozi nzima. "Fomu hii inataka jeraha kwenye mwili wa mlalamikaji. Kesi ya bibi tayari tumeifungua. Tumeshakamata mtu."

Ijumaa Cyriaque aliruhusiwa kumwona mke wake kwa dakika kumi. Jicho la kushoto la Joséline lilikuwa zima, ingawa askari wa zamu alikuwa amempiga ngumi hapo mara mbili.

"Gogo anasemaje?" aliuliza Joséline.

"Anasema jeraha linaweza kurudi kwa mwenyewe. Mwanachama ananyoosha mkono, mwenzake anauhesabu kwa sauti, basi. Mwaka 1946 ilifanyika mara moja."

"Kwa hiyo ukilichukua, Gogo atabaki hana kitu, na kesi yangu haina kitu."

"Ndiyo."

Joséline alikuwa mtu wa hesabu za haraka.

"Usinyooshe," alisema.

"Wakili anasema ni miaka kumi na tano. Halafu wanakurudisha Burundi."

"Nitarudishwa nikiwa na mume. Usinyooshe, Cyriaque. Niapie."

"Unakula?"

"Nimekwambia uniapie."

Askari aligonga meza kwa funguo. Cyriaque alikuwa hajaapa.

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nane mchana katika fleti ya Gogo Herta. Wanachama walikuwa kumi na mmoja bila Gogo mwenyewe, akidi ilitimia. Wakili Kagendo, Mkenya mwenye ofisi Marshalltown, alikaa karibu na mlango kwa sababu hakuwa mwanachama.

"Sikizeni," alisema. "Viboko mkivichukua, nitawapeleka kwa daktari leo hii, na mtakuwa na ushahidi dhidi ya kiwanda. Lakini Joséline hakushtakiwa kwa viboko. Tundu likibaki kwa Gogo, yeye anabaki ndani. Siwezi kuwaambia lingine."

Hakuna aliyemtazama Cyriaque. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amevaa shati lile lile. Joséline ndiye aliyekuwa akimshonea.

Gogo Herta alizungumza akiwa kitandani. Alisema kuwa mwaka 1933 alipigwa siku kumi na moja katika chumba cha chini ya ardhi, kwa virungu vya mpira, na alipoachiwa hakuwa na hata alama. Mwanachama mwenzake, Martha, kondakta wa tramu, ambaye hakukamatwa, alikufa nyumbani kwao siku ya kumi na moja. Mama yake alidhani ni ugonjwa wa damu, mpaka alipomvua nguo kumwosha. Martha alikuwa na miaka ishirini na minne.

"Martha hakuulizwa, nami sikuulizwa," alisema. "Ndiyo maana hapa tunapiga kura. Kila mtu kwa jeraha lake. Hakuna wajibu."

"Nisiponyoosha?" aliuliza Cyriaque.

"Nitaendelea nalo. Nimezoea."

"Na Joséline?"

"Ataendelea kuwa ndani."

Cyriaque aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia.

Benita alinyoosha mkono wa kwanza. "Nirudishie ile refu," alisema. Héritière alihesabu, "Mmoja," na blauzi ya Benita ililowa damu kutoka bega hadi kiunoni. Alishika ukingo wa meza akauma meno. "Héritière, uliona? Refu."

Héritière alinyoosha mkono wenye vidole vitatu. Wengine walifuata, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono ulipohesabiwa mtu alipiga magoti au alishika ukuta. Aliyepigwa risasi ya mpira alivunjika mbavu mbili, na zilisikika. Wakili Kagendo alisogeza viatu vyake kutoka kwenye damu, akaendelea kuandika majina.

Cyriaque alivua saa ya mkononi, akampa Benita amtunzie Joséline. Kisha alinyoosha mkono.

Benita ndiye aliyekuwa karibu. Hakuhesabu.

"Mama Benita," alisema Cyriaque, "mkono unachoka."

"Bado unaweza kushusha."

"Hesabu."

Benita alihesabu. Cyriaque alianguka kutoka kwenye ndoo kwa ubavu, na nguvu ya risasi iliyosubiri siku mbili ilimburuta hadi kwenye kabati. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Kitandani, Gogo Herta alifungua bandeji, akaona ngozi ya kifua chake ni nzima. Aliomba kalamu na kuandika kumbukumbu za mkutano.

Joséline aliachiwa Jumatatu, kwa kuwa mjeruhiwa hakuwa na jeraha la risasi. Polisi walifungua jalada jipya. Maiti ilikutwa Hillbrow, ndani ya fleti, ikiwa na tundu la risasi. Risasi yenyewe ilikutwa hatua moja kutoka hapo, katika mlango wa kabati. Kulikuwa na watu wengine kumi waliojeruhiwa, wote wageni. Mpelelezi aliandika kwamba wageni walipigana wao kwa wao. Wakili Kagendo alipeleka barua nne na ripoti za daktari, akaomba risasi ilinganishwe na bastola za kiwanda. Alijibiwa kwamba risasi imepotea wakati wa kuhamisha vielelezo. Geti la Jeppestown halikutajwa katika ukurasa wowote wa jalada.

Walimzika Cyriaque siku ya Alhamisi. Siku iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Joséline alipanda ngazi akiwa na saa ya mume wake mkononi, akachemsha maji. Gogo Herta aligeuza mgongo. Hapakuwa na kitu cha kuosha zaidi ya ngozi ya uzee.

"Nataka kura yake ifutwe," alisema Joséline.

"Kura kuhusu jeraha inafutwa na aliyeipiga tu."

"Amekufa."

"Najua. Nimeangalia katiba mara mbili."

Joséline alikamua kitambaa ndani ya beseni. Alikikamua kwa muda mrefu, ingawa kilikuwa kimeshakauka.

"Na wewe?" alisema. "Majeraha yako umemwachia Martha."

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Tisini na moja. Wa kunihesabia walikuwepo siku zote. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nilikuwa na kazi." Gogo Herta alifunga macho, akafungua. "Wewe ni mwanachama, Joséline. Nitanyoosha mkono. Hesabu kama unataka."

Mkono ulipanda taratibu, mwembamba, hadi usawa wa sikio. Joséline aliutazama. Aliuacha juu muda ambao ulitosha kwa birika kuchemka mara ya pili na kujizima.

"Mmoja," alisema.

Siku kumi na moja za mwaka 1933 zilifika kwa mfuatano wake. Kwanza nyayo, kisha figo, kisha meno mawili ya mbele, ambayo Gogo Herta aliyatema kwenye kiganja na kuyaweka juu ya gazeti. Mgongo ulivimba ukawa mweusi kama lami. Hakulia. Alisema kwa Kijerumani neno moja, ambalo Joséline hakulijua, kisha akasema, "Endelea."

Joséline alimimina maji ya moto kwenye beseni, akayachanganya na ya bomba. Alianza begani, akashuka chini.

Gogo Herta alilala siku mbili. Siku ya tatu, Jumatatu, aliomba chai. Joséline alimwekea kikombe mkononi, akafunga mlango, akashuka ghorofa saba, akapanda teksi mpaka Jeppestown. Mgomo uliingia wiki ya tano. Mashine za pasi hazikuwa na kinga, na waliozitumia sasa walikuwa vibarua wapya kutoka hosteli za wafanyakazi. Mlinzi aliyefyatua bastola alikuwa getini, zamu yake ya kawaida. Alimtambua.

"Mume wako leo haji?"

"Haji," alisema Joséline, akasimama mbele ya lori, mahali palepale.

Mlinzi aliinua kiboko. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Hillbrow, kwenye ghorofa ya saba, Gogo Herta aliweka kikombe chini.